Filta ya Kuning'inia na Samaki wa Baba Mkwe

Sijui mtu mwingine aliyenusurika kunyimwa mke kwa sababu ya samaki mwekundu. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, halafu tuendelee kwa heshima.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwalimu wa sayansi Busia. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili, karibu na pale malori yanapopiga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Jirani yangu, mhandisi wa maji, alipohamishwa kazi aliniachia tangi la kioo lenye samaki watatu wa kufugwa kwa kutazamwa tu. Wawili walikuwa weupe wenye madoa, na mmoja mwekundu, mnene, mwenye sura ya mtu aliyeonewa. Aliniachia pia filta, lakini filta ilikuwa imekufa.

Kwa wasioijua, filta ya aina hii ni kisanduku cha plastiki kinachoning'inia kwa nje kwenye ukingo wa tangi. Mrija wake unazama ndani na kuvuta maji machafu, maji yanapita kwenye sponji, kisha yanamwagika tena tangini. Bila filta, maji yangu yaligeuka rangi ya uji wa wimbi, na samaki wakawa wanapanda juu kuvuta pumzi kwa mdomo. Ningewagawa kwa watoto wa jirani, yaishe. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeposa.

Msichana niliyemposa alikuwa akishona nguo karibu na soko. Nilimpenda vibaya, sitaki kudanganya. Baba yake alikuwa mvuvi wa Sio Port, aliyefiwa na mkewe akamlea binti peke yake tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mzee alikuwa ametuma neno: atakuja aione nyumba yangu kwa macho yake, ndipo atoe jibu. Na msichana aliniambia wazi, "Baba akikataa, siendi popote. Usinililie." Sasa niambie, mvuvi mzima aingie kwangu akute samaki wanakata roho kwenye uji? Haki ya Mungu, nisingethubutu.

Nikaenda Malaba. Kulikuwa na mama mmoja pale mwenye duka la vitu ambavyo hakuna mtu wa Malaba aliyeviagiza: kiti cha daktari wa meno, viatu vya kuteleza kwenye barafu, gitaa lisilo na nyuzi. Nilipomweleza shida yangu hakushangaa hata kidogo. Alipanda ngazi akashusha filta mbili, ndogo na kubwa.

"Tangi lako ni kama ngapi hivi?" akauliza. Nikampimia kwa mikono.

"Hiyo ni ndogo. Chukua hii ndogo, boss. Hii kubwa ni ya tangi la hoteli."

"Mama, wakwe wanakuja."

Akanitazama kwa huruma. "Ah, wakwe! Ungesema mapema. Chukua kubwa."

Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza, na nilikosea kwa kujitakia. Nyumbani niliining'iniza, nikaichomeka kwenye stima, ikanguruma kama posho mill isiyo na mahindi. Tone la maji halikutoka. Niliitukana kwa lugha tatu. Msichana wangu, aliyekuwa amekuja kuleta mapazia, aliokota karatasi iliyotoka na filta, akaona picha ya mkono ukimimina kikombe.

"Inataka kunyweshwa kwanza," akasema. "Ujaze kisanduku maji ndipo iweze kuvuta."

Tukaijaza. Ikakohoa, ikavuta, ikamwaga. Lo! Ilimwaga kama bomba la zimamoto. Samaki wote watatu walisukumwa hadi pembe ya mbali, wakabaki wanaogelea kwa nguvu zote bila kwenda mahali. Mwekundu alipojaribu kutoroka kwa chini, mkia wake ukavutwa na mrija. Msichana akakata kipande cha pazia la wavu, akaushonea mrija soksi. Mimi nikakata chupa ya plastiki, nikaifunga chini ya mdomo wa filta ili maji yateleze taratibu badala ya kuanguka. Tulipomaliza, samaki walikuwa wanatembea kama watu waliotoka kanisani. Ile siku nilimpenda zaidi, kama hilo linawezekana.

Shangazi yangu alikuja kutoka Butula kupika. Kitu cha kwanza alichokiona ni sponji ya filta, iliyokuwa imeanza kuwa kahawia, na mara akaitisha sabuni ya unga.

"Shangazi, wacha! Hiyo haioshwi na sabuni. Inasuuzwa tu kwa maji ya tangi lenyewe. Huo utelezi ndio unaokula uchafu wa samaki."

"Uchafu unakula uchafu," akasema shangazi. "Na kaka yangu aliuza ng'ombe ili usomeshwe hivyo."

Siku ikafika. Mzee alikuja na mwenzake mmoja, wote wamevaa makoti mazito, jua likiwaka. Nilimkalisha baba mkwe kwenye kiti kilicho mbele kabisa ya tangi. Nikasimama kando nikiwa nimefura kwa fahari, nikatamka maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka najikunja.

"Mzee, karibu sana. Waone samaki wangu."

Jikoni nikasikia mwiko ukianguka.

Kwetu, kuku wa mgeni haanzii jikoni. Anashikwa mabawa, analetwa mbele ya mgeni akiwa hai, mgeni anamwona, anashukuru, ndipo anachinjwa. Akishaonyeshwa ni wa mgeni, hakuna kurudi nyuma. Kuonyesha ni kutoa, hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Shangazi alikuwa na jogoo wake tayari nyuma ya nyumba, anangoja nimwite amlete. Mimi, msomi, nikawa nimemwonyesha mvuvi samaki hai watatu.

Mzee aliinama. Aliwatazama kwa muda mrefu, halafu akavua kofia.

"Ahsante, kijana. Miaka yote hii nimevua, sijaonyeshwa samaki wangali hai ndani ya nyumba. Tuombe." Wakafumba macho, akawaombea samaki wangu kama chakula, pamoja na mikono itakayowaandaa. Alipomaliza akamwonyesha mwenzake yule mwekundu. "Huyo ni wangu. Wanawapika na nyanya?"

Ningenyamaza tu. Lakini mimi nina mdomo.

"Mzee, hawa hawaliwi."

"Hawaliwi?"

"Hapana, mzee."

"Kwani wanafanya nini?"

"Wanakaa."

Akafikiri. "Wanakaa wakingoja nini?"

Nikamtazama yule mwekundu, labda yeye anajua. Hapo ndipo sote tukasikia maji ya filta. Katika hekaheka za asubuhi nilisahau kuongeza maji tangini, yakawa yameshuka, na filta inamwaga kutoka juu kwa sauti kubwa. Sauti ile ikamwingia yule mwenzake mahali fulani. Alitoka kwenda choo, akarudi, akatoka tena. Mara ya tatu hata hakuomba ruhusa.

Halafu stima ikapotea. Filta ikanyamaza. Nikashukuru Mungu, nikidhani sasa tunaweza kuzungumza kama watu wazima. Mzee akaanza kusema juu ya marehemu mkewe, na juu ya binti yake alivyokuwa mdogo, na sauti yake ikalegea kidogo. Katikati ya maneno hayo stima ikarudi. Filta, ambayo maji yake yalikuwa yameshuka, ikaanza kunguruma kavu vile vile kama siku ya kwanza. Nilijua ikiachwa hivyo itaungua, na samaki waende nayo.

Mbele ya mzee kulikuwa na gilasi ya maji ya kunywa ambayo alikuwa hajaigusa. Jameni, sikufikiri. Niliruka, nikainyakua, nikaimwaga yote ndani ya filta. Haikutosha. Nikachukua na ya mwenzake. Filta ikakohoa, ikavuta, maji yakaanza kuteremka. Nilipogeuka, mzee alikuwa bado ameacha mdomo wazi pale alipokatiziwa, na mbele yake meza tupu.

Shangazi aliokoa alichoweza. Aliingiza jogoo, aliyekuwa amemchinja na kumpika huko nyuma sisi tukizungumza, na ugali, na mboga. Mzee akasukuma sahani kwa upole.

"Huyu kuku sijamwona," akasema.

Akaomba ndoo. Alikuwa ameonyeshwa samaki, akasema, na hawezi kuondoka mikono mitupu kana kwamba hakuwa mgeni. Nikamtoa yule mwekundu kwa mikono yangu mwenyewe. Jibu, akasema, nitalifuata kwake baada ya wiki tatu. Walienda zao na ndoo ikining'inia katikati yao. Shangazi alikaa chini jikoni akalia, na mimi nikakaa karibu naye. Nilikuwa na uhakika kwamba samaki ameliwa kabla ya Jumapili na kwamba mke nimekosa.

Baada ya wiki tatu tulienda Sio Port, mimi na shangazi na wazee wawili wa ukoo wetu. Tulimkuta baba mkwe nje, kwenye kigoda, kando ya pipa lililokatwa nusu. Kwenye ukingo wa pipa alikuwa amening'iniza kwa waya mkebe wa mafuta ya kupikia, uliotobolewa chini, ndani yake mchanga na kipande cha wavu wa zamani. Alikuwa anachota maji ya pipa kwa kikombe, anamimina kwenye mkebe, maji yanachuruzika kurudi chini. Anachota, anamimina. Ndani ya pipa alikuwa yule mwekundu, amenenepa, bado na sura ile ya kuonewa.

"Mashine yako niliiangalia," mzee akasema bila salamu. "Ni kuchota, kuchuja, kurudisha. Basi. Yangu haisimami stima ikipotea, kwa sababu sina stima." Majirani, aliongeza, walishamletea mchungaji amwombee, wakidhani amerukwa na akili.

Nilitaka kucheka, nikaona mkono wake umefungwa kitambaa kwenye kifundo. Wiki tatu mvuvi yule alikuwa anamnywesha samaki mmoja kwa kikombe.

Tukaketi. Mzee akamchota samaki kwa beseni, akaja naye hadi mbele yetu, akaliinamisha beseni ili tumwone vizuri. Shangazi alinifinya paja. Tumeonyeshwa. Kwa hiyo tutalishwa samaki wangu mwenyewe, tukatae tusikatae, na hilo ndilo jibu. Machozi yalinilenga, nasema kweli, na hasira juu yake. Nilifungua mdomo, shangazi akanifinya tena mpaka nikaufunga.

"Mmemwona?" mzee akauliza. Wazee wetu wakaitikia.

Akamrudisha samaki kwenye pipa. Akaingia ndani ya nyumba, akatoka amemshika binti yake kifundo cha mkono, akamsimamisha pale pale alipokuwa amesimama na beseni.

"Na huyu," akasema, "mmemwona?"

Mimi nilibaki nimekodoa macho kama mjinga. Shangazi ndiye aliyeelewa kwanza, akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Kuonyesha ni kutoa. Mke wangu hadi leo anasema yeye si jogoo na hadithi hii isisimuliwe mbele ya watu, ndiyo maana naiandika.

Siku ya harusi, baada ya kanisa, mzee alitusindikiza hadi barabarani amebeba ndoo ya samaki, na mkebe wake umefungwa juu. Binti yake alikuwa amesimama hapo hapo karibu naye, lakini mzee hakuweza kumtazama usoni. Aliinama akaongea na ndoo.

"Usitegemee mashine yao," alimwambia samaki. "Stima ikipotea, sema. Usinyamaze. Watakumiminia kwa mkono."

Samaki alikaa kimya. Mke wangu ndiye aliyejibu, "Ndiyo, baba," kisha akamfunga baba yake kifungo cha koti, na mimi nikapokea ndoo.