Leseni Hairudi kwa Kuhesabu Siku

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilivaa shati la kaki lililopigwa pasi nikashika njia ya Kariakoo huku napiga mluzi. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Adhabu yangu ya kufungiwa leseni, miaka miwili mizima, ilikuwa imekwisha jana yake.

Nilifungiwa kwa haki, sikufichi. Nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja Mhindi, muuza nguo za jumla, nikajiona mfalme wa barabara. Siku moja nikarudi kinyumenyume pale sokoni bila kumtuma utingo ashuke aangalie nyuma. Nikamgonga Mama Zuhura, muuza vitumbua, akavunjika mguu. Hakimu akaninyang'anya leseni, na tajiri akanifanya utingo wa gari lilelile, chini ya dereva mpya, Mzee Shomari. Mimi, dereva mzima, napakia marobota! Lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama, nikachutama.

Basi asubuhi ile nikapanda moja kwa moja kwenye usukani.

"Shikamoo, mzee. Leo naendesha mimi."

"Marahaba. Shuka."

"Miaka miwili si imekwisha?"

"Imekwisha, lakini leseni hujapewa. Lazima polisi wakupime upya. Na kabla ya polisi, Mama Zuhura umeshamwona?"

Lo, aibu niliyoiona! Miaka yote miwili, nikikaribia kona yake, nilikuwa nazunguka mtaa wa pili.

"Kuomba radhi huendi peke yako," akasema Mzee Shomari. "Unakwenda na mtu mzima. Twende."

Tulimkuta akichoma vitumbua, mkongojo ubavuni. Mzee akatangulia kusema, ndiyo desturi, kisha akanisukuma mbele. Nikasema, "Mama, nimekukosea, nisamehe."

"Nilikuwa nakuona unavyonizunguka," akajibu. "Mguu uliunga zamani. Kuzunguka kwako ndiko kulikoniuma. Haya, nimekusamehe. Lakini ukipewa leseni, abiria wako wa kwanza ni mimi."

Wiki ile nikaenda kupimwa. Afisa aliponiambia nirudi nyuma, nilizima gari, nikashuka, nikaangalia mwenyewe, ndipo nikarudi. Nikapasi, bila ujanja wala kubahatisha.

Kesho yake Mama Zuhura akapanda lori, mkono wake umeng'ang'ania mlango. Nikaondoa gari taratibu kumpeleka kwake Ilala. Kabla hatujafika, mkono ule ukalegea, akasinzia. Pale ndipo nilipojua nimerudishiwa leseni.

Mwanangu uliyefungiwa, usikae kuhesabu siku tu. Usiguse usukani kabla ya wakati, na wakikutaka upimwe upya, kapimwe bila kinyongo. Ila kwanza mchukue mtu mzima, uende kwa uliyemuumiza. Wengi huogopa hapo, majuto ni mjukuu. Wewe utaendesha tena, sina shaka hata chembe. Mungu akufungulie njia, akulinde wewe na kila atakayepita nyuma ya gari lako.