Saini ya Hadja Niélé

Tenin Kouyaté alizaliwa mwimbaji, kama bibi zake wote. Kazi ya ukoo wao ni kusifu watu. Kazi ya wanaosifiwa ni kutuza. Tangu aje New York hajatoka kwenye harusi ya Wamali wa Bronx mikono mitupu. Noti humwagwa miguuni pake mpaka mumewe Bakary, mpiga ngoni, gambusi la kwao, anaacha nyuzi ili azizoe. Mtu kama huyo nani angethubutu kumwambia hajafanikiwa?

Wakili wake wa uhamiaji alithubutu.

"Magazeti yapo, picha zipo," alisema Bi Perlmutter. "Kinachokosekana ni ushahidi kwamba sanaa yako inaingiza pesa. Mikataba, tiketi, risiti."

"Sisi hatuuzi tiketi. Watu wananituza."

"Basi waandike wamekutuza kiasi gani, watie saini. Anza na anayetoa sana. Ya huyo niione Jumatatu."

Kibali chake cha kukaa Marekani kilikuwa kinaisha mwezi huohuo, na huko Bamako nyumba nzima ilikula kwa koo lake. Tenin alitoka pale na barua iliyoachwa nafasi ya kiasi na saini. Wakili hakujua alichokiomba. Kwao anayetuza hutoa akanyamaza. Ukimwambia aandike, umemfanya mnunuzi wa sifa za baba yake.

Hata hivyo mfa maji haachi kutapatapa. Alikwenda saluni kwa Hadja Niélé Coulibaly, msusi mwenye mali ambaye hakuna aliyemshinda kwa kutuza. Akakaribishwa wali na mchuzi wa karanga, na utani wa siku zote kati ya koo zao.

"Karibu, ombaomba."

"Nimekaribia, mla maharage. Leo nina shida kweli."

Akaieleza. Vidole vya Hadja vikasimama katikati ya msuko.

"Nikuandikie risiti? Kwani mimi kwako nanunua nyanya?"

"Ni serikali inataka, Hadja."

"Serikali haikunizaa. Kula, mwanangu, chakula kinapoa."

Tenin alikula bila kusikia ladha. Ilibaki njia moja, nayo ilimtisha kuliko kurudishwa kwao: muungwana akishasifiwa mbele ya watu, hawezi kumnyima mwimbaji anachoomba.

"Usifanye hivyo," Bakary alimwambia Jumapili wakivaa kwenda harusini. "Huko ni kumkaba mtu kwa jina la baba yake."

"Wewe una njia nyingine?"

Bakary akachukua ngoni yake wakaondoka.

Harusini Tenin aliimba kama anayefukuzwa. Aliwataja akina Coulibaly mmoja mmoja, baba, babu na wa nyuma yao kule Ségou, hadi Hadja Niélé akainuka na vazi lake la bazini linalong'aa, noti zimejaa mkononi. Tenin akaufumba mkono wa Hadja juu ya noti zake.

"Leo sitaki noti, binti wa Ségou. Baba yako hakumnyima mwimbaji. Nipe jina lako kwenye karatasi."

Ngoni ikanyamaza. Tenin akaitoa barua ya wakili kwenye mkoba. Hadja alitabasamu, maana watu walikuwa wanatazama. Akaomba kalamu, akaandika kiasi, akatia saini palepale juu ya meza ya bibi harusi. Wanawake wakapiga vigelegele, wakidhani wameona heshima mpya.

Kisha Hadja akamwinamia Tenin sikioni, bado anatabasamu.

"Ulichotaka umepata. Sasa mimi ni mteja, na mteja akishalipa huenda zake. Usilitaje tena jina la baba yangu."

Akazirudisha noti mkobani, akaenda kukaa. Tenin aliimba mpaka mwisho wa shughuli, na hakumtazama mtu usoni.

Jumatatu Bi Perlmutter aliisoma barua mara mbili, uso ukamchangamka. Tenin alikaa ukingoni mwa kiti, akisubiri kuambiwa yamekwisha.

"Hii ndiyo hasa," alisema wakili. "Ukiniletea nyingine tano kama hii, hawatakuwa na la kusema."