Mnayemtukana ni Marwa, karata niliitupa mimi

Kuna jambo nimewaficha wote mnaocheza karata za briji nami hapa Matongo, na sitaki kufa nalo.

Leo Marwa, mwenzangu wa upande mmoja, ndiye aliyepaswa kutupa karata ya kwanza.
Nyamhanga, tajiri wetu wa mashimo ya dhahabu, alishatangaza kwamba nguvu yake, yaani karata inayoshinda nyingine zote, ni uru.
Marwa akatupa uru hiyohiyo, akamrahisishia mpinzani kazi!

"Mzee, Nyamhanga ni mkubwa wangu wa rika, alitahiriwa kabla yangu. Nitampingaje?" akajitetea.
Nikamfokea, "Tangu lini karata zikatahiriwa, bwege wewe? Tukishindwa tena, natafuta mwenzangu mwingine."

Ikafika zamu yangu kuanza. Nyamhanga akatangaza uru tena.
Msomi mimi nikachagua kopa, nikaibamiza mezani kwa mbwembwe.
Nyamhanga akacheka mpaka akakohoa.
"Asante kwa uru, Mwalimu!"

Tukashindwa. Marwa akawahi kusema, "Mimi ndiye niliyemchanganya mzee."

Tangu mchana mnamtukana humu kwenye kundi, mnataka aondolewe, nami nasoma tu ujumbe mmoja baada ya mwingine.

Haya, nichekeni mimi, yeye mwacheni. Macho yangu hayatofautishi tena kopa na uru, na Marwa analijua hilo tangu masika.