Kipimo cha Fundi Friji

Mtaani wanamwita Fundi Friji, na mume wangu analipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake. Friji za wateja zimejaa kwetu hadi chumba cha kulala. Kwake yeye, adui wa kila kitu duniani ni joto. Betri za redio, gundi ya viatu, dawa ya mswaki, vyote friji. Nikiacha vitunguu mezani ataguna, "Unaviua hivyo!" Nimepiga kelele mpaka nimechoka.

Tuna miaka mingi ya ndoa bila mtoto, na anayetazamwa tumbo ni mimi. Mama mkwe hajawahi kunitukana, nisimsingizie, ila kila akipiga simu lazima aulize, "Vipi mwanangu, bado?" Hiyo "bado" yake ilinichoma. Siku moja nikaenda duka la dawa, nikanunua kipimo cha mbegu za kiume cha kujipimia nyumbani, nikamtupia mapajani.

"Leo na wewe upimwe!"

Nilidhani atawaka. Wapi! Alikichukua akaingia chumbani, mimi nikatoka kuanika nguo. Niliporudi akasema sampuli inatakiwa itulie kwanza. Baadaye akaleta matone yake, akayadondosha kwenye kipimo, tukakodoa macho. Mstari mmoja. Mbegu zikitosha hutokea miwili.

Jamani, alinywea! Mtu anayebishana na wateja mpaka mate yanamkauka, leo ameshika bisibisi tu, hata haizungushi.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Na lawama umebeba wewe."

Hasira zote ziliniisha, nikabaki na huruma. Nikaenda kumletea maji baridi. Nafungua friji, nakuta kikombe cha sampuli kimekaa raha mustarehe karibu na siagi.

"Wewe mwanamume! Hiki kimefikaje humu?"

"Si imeandikwa kitulie? Nikakiweka kisiharibike. Kilichobaki nimekirudisha."

Nikachukua karatasi ya maelekezo nikamsomea kwa sauti: kikombe kiachwe kwenye joto la kawaida la chumba, kisiwekwe kwenye friji.

"Umezigandisha, maskini!" Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Naye akacheka, machozi yakimtoka.

Tulinunua kipimo kingine. Safari hii kikombe kilikaa mezani, nami nikakilinda kama askari wa benki. Mistari miwili, imekolea! Akaruka juu. Nikapiga kigelegele, kisha nikakikatiza. Kama si yeye, basi ni mimi.

Akaniona. Akachukua simu akampigia mama yake.

"Mama, lile swali lako usimwulize tena mke wangu. Niulize mimi. Jumatatu tunakwenda kwa daktari, wote wawili."

"Kwani wewe una tatizo gani, mwanangu?"

"Hatujui bado, mama. Likiwepo, ni letu."

Sijui daktari atasema nini, na naogopa, sitaki kudanganya. Ila nilijifuta macho, nikachukua vitunguu vyangu mezani, nikaviweka kwenye friji bila kuguniwa na mtu.