Uzito wa Boti na Mkungu wa Mama Mkwe

Sina hakika kama ninayoyakumbuka ndiyo yaliyotokea, maana nimeyasimulia mara nyingi na kila msikilizaji hucheka mahali pake. Nitaandika niliyoyaona, na pale nisipojua nitasema sijui.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wakiitana ndugu hata walipokuwa wakigombania mpaka wa kibanja, shamba la migomba. Kijiji chetu kiko juu ya mlima, upande wa Muleba. Ziwa tunaliona tukiwa mlangoni, lakini kulifikia ni kuteremka mpaka magoti yanatetemeka. Tuliamua kuwa na boti ya kijiji, ya kwenda kuvua hata kisiwa cha Goziba. Miti ya msizi, yenye mbao za boti, ilikuwa huku juu, kwa hiyo fundi akaiundia boti huku huku juu. Majirani walitucheka, wakasema hawa wanataka kuvua samaki migombani. Sisemi tulikosea. Kuteremsha mbao mojamoja nako kulikuwa kazi, na kule ufukweni hakukuwa na kivuli cha kumfanyia fundi kibanda. Ila boti ilipokwisha, wanaume wote wa kijiji tuliiinua, tukaipeleka mpaka mwisho wa uwanja, tukaitua, tukatazamana.

Mwenyekiti akaenda Muleba kuomba trekta na tela. Akapewa, pamoja na dereva.

Dereva huyo alikuwa mtu wa Kahororo, pale Bukoba mjini, ila alikuwa ameoa kwetu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, ndiyo maana akaniita shemeji. Kabla hata ya kunawa mikono alituambia wazi kilichokuwa kinamsumbua. Mwenzake alikuwa amepakia matofali kwa kukisia, ekseli ikavunjika, akafukuzwa kazi siku ileile. "Sasa yuko kwao anapalilia," alisema. "Mimi kwetu kibanja kimegawanywa mpaka kimekwisha. Tela hili likivunjika, sina hata pa kupalilia. Sichukui kitu nisichokijua uzito."

Tela lilikuwa na kibao cha chuma kilichoandikwa tani mbili. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na kwa kuwa nilikuwa nikisaidia kupima kahawa kwenye ushirika, nikaona hesabu ni ya kwangu. Nikasema tani mbili ni magunia arobaini ya kilo hamsini, boti haiwezi kufika huko, tupakie. Dereva akauliza, "Na tela lenyewe umeliweka wapi, shemeji?" Akanieleza kwamba ile tani mbili ni pamoja na chuma chake. Unatoa kwanza uzito wa tela, kinachobaki ndicho mzigo. Tela lile peke yake lilikuwa kama magunia kumi na tano, basi tulikuwa na nafasi ya magunia ishirini na tano.

Mizani kubwa ya kupimia boti haikuwepo. Tukaleta ile ya kahawa, tukakalisha omo, ile sehemu ya mbele, juu yake huku tezi, ya nyuma, ikiegemea gogo la kimo kilekile, tukasoma. Kisha tukageuza, tukapima tezi. Tukajumlisha. Dereva aliagiza kwanza tuyachote maji yote ya ndani, maana fundi alikuwa ameijaza maji ili mbao zivimbe na kuziba. Mzee mmoja akasema, "Waitu, jamani, hata ng'ombe wa mahari hapimwi hivi." Tukapata magunia ishirini, na kidogo. Dereva akatulia. Tukaipandisha, akaisogeza mbele na nyuma mpaka uzito ukakaa juu ya magurudumu, tukaifunga kwa kamba. Ikabaki nafasi ya kama magunia manne, na dereva akasema hiyo ni ya mashimo ya barabara, si ya mtu.

Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa. Kilichofuata sijui nimlaumu nani, na nadhani hakuna wa kulaumiwa.

Kwetu chombo hakiendi kitupu. Jirani akikuletea kikapu cha maharage, utakirudisha na kitu ndani, hata kama ni mbegu za kahawa za kutafuna. Na boti ni nini kama si chombo? Ilikuwa inapita mbele ya nyumba za watu, wazi juu, tupu kabisa, inakwenda kwa wavuvi walioko ufukweni. Mwanamke wa kwanza alitoka na mkungu wa ndizi. Dereva akasimamisha trekta, akakataa kwa heshima. Wa pili akaja na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, dereva akakataa. Watu wakaanza kunung'unika kwamba mtu wa mjini ana roho ngumu.

Nyumba ya tatu, alitoka mama mkwe wake.

Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawaambiani neno moja kwa moja kama kuna mtu wa kulipitisha. Akimwona njiani, hupisha migombani. Sasa dereva angepisha wapi, naye yuko juu ya trekta? Aliinamisha kichwa, akatazama usukani. Yule mama, naye akitazama migomba, akaupandisha mkungu wake ndani ya boti, mkubwa, umefungwa vizuri kwa majani makavu, akarudi nyuma. Dereva akaondoa trekta. Angeurudishaje?

Basi tena. Aliyepokea wa mmoja atakataaje wa mwingine? Wale wawili wa mwanzo walikimbia wakatufikia, na kila nyumba ikatoa. Mikungu, mihogo, vibuyu, kuni, hata jiwe la kusagia ambalo bibi mmoja alitaka lifike kwa mwanawe. Mimi nilitembea kando ya gurudumu na kigogo cha kulizuia, nikijaribu kuhesabu, nikapotea. Watu wakaimba nyuma yetu. Kusema kweli ilikuwa inapendeza.

Pale juu ya mteremko dereva alisimama, akashuka, akachuchumaa kando ya tela. Springi zilikuwa zimelala kabisa, mabamba yamenyooka kama rula. Aliweka mkono katikati ya chuma cha tela na ekseli, vidole havikupita.

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ya chini, "nikiteremka hivi, breki zitashindwa au ekseli itaondoka. Vishuke vyote. Lakini ule mkungu wa kule mbele siwezi kuugusa. Nikimrudishia mama zawadi mbele ya kijiji kizima, binti yake nitamwambia nini?"

Wengine walielewa haraka. Wakasema zawadi ni kufika, si kupanda, wakajitwisha vitu vyao. Bibi wa jiwe alilalamika, mwanaume mmoja akalichukua begani. Ukabaki mkungu mmoja, na dereva kando ya gurudumu, hasogei. Je, mkungu mmoja ungevunja tela? Sidhani. Lakini alikuwa ametuambia ile nafasi ni ya mashimo, si ya mtu, na wote walioshusha vyao walikuwa wanatazama.

Mama mkwe alikuwa amesimama hatua chache tu, mgongo kwetu.

"Mwambie dereva," akaniambia, "mimi sikumpa yeye ule mkungu."

"Mama anasema hakukupa wewe," nikasema, ingawa alikuwa amesikia.

"Nimesikia. Muulize alimpa nani."

"Niliipa boti. Na boti bado haijafika kwenye maji, kwa hiyo bado haijapokea. Mwambie nauchukua, nitaipa kule chini."

"Mwambie mama hawezi kuteremka na mzigo ule mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti! Watu watanisema mpaka Bukoba."

"Mwambie watu wamekwisha kumsema tangu nyumba ya kwanza."

Watu wakacheka, na dereva mwenyewe akacheka akiwa amefunika uso. Nikaona mpitishaji wa maneno anaweza pia kupitisha mkungu. Nikajitwisha kichwani. Ulikuwa mzito kweli, sikuwahi kumwambia yeyote.

Tela liliteremka polepole, springi zimeinuka tena, kigogo changu amekishika mtu mwingine. Tuliifikisha boti majini kabla jua halijawa kali. Ilipoelea tukapakia humo vyote, mikungu, vibuyu, lile jiwe, na mkungu wa mama mkwe mbele kabisa. Boti haikushuka hata upana wa kiganja. Dereva aliitazama, kisha akajilaza chini ya tela, akikagua chuma kwa vidole, bamba baada ya bamba. Hakuna kilichopasuka.

Alipowasha trekta kurudi, mama mkwe aliniita.

"Mwambie dereva, tela nalo ni chombo. Lisirudi tupu. Nitapanda mimi, magoti yananiuma."

"Muulize uzito..." dereva alianza.

"Mwambie sifiki gunia moja."

Nilimsaidia kupanda. Aliketi nyuma kabisa, miguu ikining'inia, uso kwa ziwa, na dereva mbele, uso kwa mlima. Wakapanda hivyo mpaka nyumbani, migongo ikitazamana, bila kosa hata moja la adabu. Mimi nilipanda kwa miguu.