Pete za Wifi Yangu

Kaka yangu alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Kabambare, akakaa huko misimu miwili ya mvua, akarudi Kasongo bila hata chembe moja. Alirudi na mke. Walishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu, wote wawili wekundu kwa vumbi la barabara. Mama yangu, ambaye macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, alimshika yule msichana mikono yote miwili, akaipapasa kidole kwa kidole kama anayechagua bamia sokoni, kisha akasema, "Hii mikono iko ya kazi." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la nguo. Mikono yangu hakuwahi kuisifu hata siku moja. Nikamchukia wifi yangu kabla hajakung'uta vumbi.

Nasema nilimchukia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu wa kwetu hupenda kusema "nilisikia vibaya kidogo". Mimi sikusikia vibaya kidogo. Nilisikia wivu, wivu wenyewe, ule unaokaa kooni hata ugali haupiti.

Nieleze kwanza nyumba yetu ilivyokuwa. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alitengeneza pete za waya na shanga tangu mimi sijaota meno, na wanawake wengi wa mtaa wetu, wa msikitini na wa kanisani, walikuwa na pete yake moja kidoleni au ndani ya sanduku. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Nyangwe, ambako ndoa ilinishinda, na nililala katika chumba kile kile nilicholala nikiwa msichana. Sikuwa na mtoto, sikuwa na shamba. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kushikilia: mahali pangu kwenye mkeka wa mama, barazani, tulipokaa bega kwa bega kila alasiri tukizungusha waya. Mahali pale ndipo nilipoogopa kunyang'anywa.

Kazi yenyewe si kubwa, lakini ina adabu yake. Waya ni shaba inayotoka ndani ya majenereta yaliyoungua. Mafundi wa sokoni huyafungua, na sisi tunaikunjua shaba ile pole pole ili isikatike. Shanga hutoka Bukavu, kwenye pikipiki, na kama mvua imeharibu njia tunangoja. Mama alikuwa na vijiti vya mpera alivyovichonga mwenyewe kwa unene mbalimbali: cha kidole cha mtoto, cha mwali, na kinene kuliko vyote alikiita cha mama wa watoto saba. Unazungusha waya kwenye kijiti, unapitisha ushanga, unaukaza pande zote mbili, na mwisho unalaza mkia. Mkia ni ile ncha ya waya inayobaki. Ukiulaza vizuri, unajificha chini ya ushanga na hausikiki. Ukiulaza vibaya, unamkwaruza mtu kidole na kumchania kitenge, na atakuja kukutukana mbele ya majirani.

Kwa kuwa macho yalikuwa yanamwacha, mama alikagua mikia kwa mdomo. Kila pete kabla haijatoka nyumbani aliipitisha kwenye mdomo wake wa chini, pole pole, mzunguko mzima. Mdomo ulisikia kile ambacho jicho halikuona tena. Pete ambayo haikupita mdomoni mwa mama haikuuzwa.

Na kuna jambo moja zaidi. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Kwenye chakula mama alinichapa mpaka nikauacha. Kwenye waya alichoka, akaniacha nilivyo. Kwa hiyo mikia ya mama ililala kuelekea kulia, na yangu ililala kuelekea kushoto. Mnunuzi hawezi kuona. Hata mimi nilikuwa nimesahau.

Basi, wifi yangu akakaa mkekani. Hakuna aliyemwalika, isipokuwa mama. Pete yake ya kwanza ilikuwa mbaya sana, nikafurahi. Ya pili ilikuwa mbaya vile vile, nikampa moyo kwa sauti tamu, nikijua ninadanganya. Pete ya kumi mama aliipitisha mdomoni mara mbili, akacheka peke yake. Nilikuwa sijamsikia mama akicheka hivyo tangu msiba wa baba. Wifi naye akacheka, na mimi nikainama kutafuta ushanga ambao haukuwa umeanguka.

Baada ya hapo alianza mambo yake. Alichukua shanga za rangi mbili akazisuka zikipishana, namna wanavyosuka nywele kwao Wamaza, huko Kabambare, na katikati akaacha kama ua dogo. Lilikuwa jambo rahisi. Nililitazama nikajiuliza kwa nini mimi, katika miaka yote ile, sikulifikiria. Wanawake wakaanza kupita barazani na kusema, "Tunataka zile za mukamwana." Za mukamwana! Hawakuuliza tena kama mama amelala vizuri, wala mimi hawakuniona, wakati ndimi niliyewaletea vigoda.

Kilichoniuma kuliko vyote ni mgongo. Mwanzoni mama alikaa katikati, uso mbele, mimi upande mmoja na wifi upande mwingine. Siku zilivyokwenda alianza kukaa ubavu, akimgeukia wifi ili amwelekeze kwa vidole. Kila alasiri kidogo zaidi. Mpaka ikafika siku nikagundua kwamba ninazungumza na mgongo wa mama yangu, na mgongo hausemi "eeh".

Kisha ikaja harusi ya jirani. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wamekubaliana kitenge kimoja cha kijani, na wakataka pete thelathini, kijani na nyeupe, zenye lile ua. Mama alimpa wifi kazi nzima. Mimi akaniambia nikunjue shaba na nikate waya. Hiyo ni kazi ya mtu anayeanza. Niliifanya nikiwa na miaka saba. Nikakunjua, nikakata, nikasema "ndiyo, mama".

Wifi alimaliza pete zote siku mbili kabla ya harusi. Aliziweka ndani ya sahani ya bati, akaifunika kwa kitambaa, akaenda mtoni kuloweka mihogo. Mama alikuwa amekwenda kwenye kilio mtaa wa pili, kaka yuko zake sokoni. Nilibaki mimi na ile sahani.

Sikupanga, lakini pia sitasema ni shetani. Ni mimi. Nilifunua kitambaa, nikachukua pete tano. Katika kila moja nilifungua mzunguko wa mwisho wa mkia kwa koleo, nikaulaza upya kijuujuu, ncha ikiwa imeinuka kiasi ambacho jicho la haraka halikioni lakini mdomo wa mama ungeusikia. Hicho ndicho nilichotaka. Nilitaka mama apitishe pete zile mdomoni na kusema: kumbe huyu hawezi. Nilitaka ageuke. Tano zilinitosha, sikuwa na haja ya kuharibu harusi ya watu. Nikafunika sahani, nikaenda kutwanga mihogo kwa nguvu nyingi kuliko ilivyohitaji.

Kesho yake alasiri mama alikaa mkekani na sahani mapajani. Wifi alikaa mbele yake, mikono imekunjwa, kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Mimi nilikuwa pembeni nachambua sombe, majani ya mihogo. Pete ya kwanza ikapita. Ya pili, ya tatu, ya nne. Mama alikuwa anaimba kidogo kidogo puani. Nikafikiri labda zile tano zimekwenda chini kabisa. Pete ya tisa akainyanyua, akaipitisha, na wimbo ukakatika.

"Mama, iko damu!" wifi akasema, akanyanyuka.

Kweli, tone dogo lilikuwa mdomoni. Mama hakujali. Aliigeuza ile pete, akaweka ukucha wa kidole gumba juu ya mkia, akaufuata. Akarudi mwanzo, akaufuata tena. Alifanya hivyo muda mrefu, kichwa kimeinama upande, namna anavyofanya anaposikiliza hatua za mtu nje. Hapo ndipo nilipokumbuka mkono wangu. Nilikuwa nimeilaza mikia yote mitano kuelekea kushoto, na ya wifi ililala kulia kama ya mama.

Wifi alikuwa amepiga magoti. "Mama, unisamehe. Sijue ilikuwa namna gani. Nililaza yote muzuri, naapa."

Mama akaiweka ile pete pembeni. Akatafuta katika sahani, pete moja moja, kwa ukucha tu, bila mdomo, akazitoa nyingine nne. Akaziweka tano zile katika kiganja chake. Sombe ilikuwa imeniganda mkononi.

"Inuka, mutoto wangu," akamwambia wifi. "Haiko makosa yako. Ni mie. Jana niligusa-gusa humu ndani, na haya macho haionaki tena. Ni mie niliharibu."

Halafu akanyoosha kile kiganja kuelekea niliko mimi. Hakuwa ananiona vizuri, lakini alijua nilipo. "Lalisha hii mikia," akasema. "Weye unaijua."

Nilitamani anitukane. Nilitamani anipige kofi mbele ya mtaa mzima, nipate la kulilia. Nikafuta mikono kwenye nguo, nikachukua pete na koleo, nikaanza kufungua na kulaza. Na wifi akakaa akinitazama. Alitazama vidole vyangu, akatazama koleo likizunguka kuelekea kushoto, akaichukua moja ambayo nilikuwa sijaifungua akaiweka karibu na moja yake. Mtu mwenye mikono ile hawezi kukosa kuona. Aliziangalia zote mbili, akazirudisha sahanini, akaenda kuwasha moto. Pete thelathini zilikwenda harusini, na kila mtu alizisifu.

Usiku wa siku ile niliyolaza mikia upya sikula. Nilipanga majibu. Nilijua wifi atakuja na maneno yake, na nilitaka niwe nayo yangu: kwamba amekuja nyumbani kwa watu juzi tu, kwamba mama ni mama yangu, kwamba kabla yake tulikuwa tunaishi. Yalikuwa majibu makali na niliyapenda.

Asubuhi tulikwenda chemchemini, sisi wawili na mabidoni yetu ya maji. Alijaza la kwanza. Alijaza la pili. Nikaona kama nisipoanza mimi nitapasuka.

"Kama uko na neno, sema," nikamwambia.

Akaziba bidoni kwa ganda la ndizi, bila haraka. "Yaya," akasema, kama anavyoitwa dada mkubwa kwetu, "unajuaka mama anaongea nini na mie, kama weye haupo?"

"Pete," nikasema. "Mutaongea nini tena?"

"Anaongea juu yako. Ulikula, haukukula. Ulilala muzuri. Ule bwana wa Nyangwe alikutesa namna gani, mbona haumwambii. Anasema, umuangalie, moyo wake haujapona. Kila siku. Mie ananiita mukekani sababu ya haya mikono. Siku haya mikono itagonjwa, niko nani mu ile nyumba?" Alisema hivyo bila hasira, na hilo lilinikera. "Mie nikiharibu pete moja, nalia mbele yake na magoti chini. Weye uliharibu tano, ukamutoa damu, na akadanganya kwa ajili yako. Mie ananipenda sababu ya pete. Weye anakupenda bure."

Yale yote niliyoyapanga yalikuwa ya ugomvi mwingine kabisa. Nilijaribu kusema "unisamehe", likatoka nusu, na yeye akaitikia kwa kichwa kana kwamba nusu inatosha. Nikamsaidia kuinua bidoni lake hadi kichwani, naye akaniinulia langu, tukaanza kupanda njia ya nyumbani.

Alikuwa anatembea mbele. Nikafikiri juu ya mama, jinsi alivyonitafuta kwa kile kiganja bila kuniona, na juu ya miaka yote niliyokaa ubavuni mwake nikingoja asifu vidole vyangu. Neno lile, kwamba mama ananipenda bure, lilikuwa la kweli, na lilikuwa langu. Mimi binti yake ndiye niliyepaswa kuliona. Aliliona mgeni kutoka Wamaza, kabla hata hajamaliza mwaka nyumbani kwetu, na njia nzima mpaka mlangoni nilimwonea wivu kwa hilo pia.