Majaribio Yaliyoua Kahawa

Enzi za modemu, data ilipopita polepole kwenye nyaya za simu, tulitengeneza programu ya kutunza taarifa za wagonjwa, nazo zilitawanywa kwenye kompyuta za zahanati kadhaa, kuanzia Kibiti hadi Mtunda. Kila tulipofanya majaribio ya programu, mashine za zahanati zilisubiriana kwa muda mrefu, nasi tukaenda kunywa kahawa na muuguzi wa zahanati ya jirani. Ndiye aliyetuambia kuwa msimu wa kilimo watu huhamia kwenye madungu, vibanda vya mashambani vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na huko huandikishwa upya, hivyo mtu mmoja huhesabiwa mara mbili; tukarekebisha programu.

Kusubiri kulinichosha. Nikatengeneza ndani ya mashine yangu hifadhidata ya kuigiza, yenye wagonjwa wa kubuni, isiyohitaji kusubiri zahanati yoyote, majaribio yakawa yanakwisha kabla sijainuka kitini. Nikajiona fundi, mjinga mimi! Kahawa ikakoma.

Siku moja muuguzi alichungulia dirishani kuaga; amehamishwa.

"Nilikuwa na mengi ya kuwaambia," alisema, "ila siku hizi hamsubiri kitu."